Triaki inapogoma kuwaka, na inapogoma kuzima

Triaki, yaani swichi ya kielektroniki ya umeme wa AC, ikisumbua, wengi hukimbilia programu. Wanabadilisha maktaba, wanacheza na muda wa kusubiri, wanapakia upya, wakati tatizo liko kwenye mkondo. Triaki inayoendeshwa na maikrokontrola inadai mkondo mahali patatu: kwenye LED ya optokapla (kifaa kinachopitisha amri kwa mwanga bila kuunganisha nyaya), kwenye geti (mguu wa triaki unaopokea amri), na kwenye mzigo wenyewe, yaani kifaa kinachowashwa. Ukipungua mahali pamoja tu, taa haiwaki au inawaka kwa kusitasita. Na ukipenya mahali usipoitwa, taa inawaka bila amri. Dalili nyingi zilizo hapa chini zinaangukia kwenye moja ya mafungu hayo mawili, na mita ya kawaida inatosha kukuonyesha ni lipi.

Mfano wangu utakuwa inkubeta ya mayai, kwa sababu ndani yake mna mizigo mitatu ya tabia tofauti: balbu za joto, feni, na mota ndogo ya kugeuza trei. Ukishaelewa kwa nini triaki ileile inazipenda balbu na kuikataa mota, umeelewa nusu ya kazi.

Kabla ya kuchomeka

Umeme wa nyumbani Tanzania ni volti 230, Kenya na Uganda 240, wote wa hezi 50. Kilele cha wimbi kinafika volti 325 hadi 340, na hicho ndicho kinachoua vifaa. Ukitaka kugusa saketi, chomoa plagi. Usitegemee swichi ya ukutani, maana ziko nyumba ambazo swichi inakata nyutro na kuuacha waya wa moto ukingojea mkono wako. Baada ya kuchomoa, pima kapasita kwa mita, uhakikishe hazijabaki na chaji.

Bati la mgongoni la triaki ndilo linalowapiga watu shoti mara nyingi kuliko kitu kingine. Kwenye BT136, BT137, BT138, BT139 na familia ya BTB, bati hilo limeungwa na T2, mmoja wa miguu miwili ya mkondo mkuu (mwingine ni T1), kwa hiyo hitisinki (bati la kupoozea) nzima ina umeme. Familia ya BTA, kama BTA16-600, bati lake limetengwa kwa ndani. Herufi moja tu, na inaamua kama boksi la chuma litakuwa salama au la.

Kompyuta nayo ina hatari yake. Kama bodi yako inapata umeme kupitia kapasita bila transfoma, usichomeke kebo ya USB kabisa: waya hasi wa bodi unaweza kuwa umeungwa moja kwa moja na waya wa moto. Na ule ubao wa majaribio wa matundu uishie upande wa volti 5. Klipu zake zimekaribiana mno kwa volti 230, na zinalegea.

Njia ninayoiamini ya kujaribia ni transfoma ya volti 24 AC na balbu ya indiketa ya lori, ya volti 24 na wati 21. Upande wa triaki unafanya kazi vilevile, ila ukikosea hufi. Kinachoshindwa hapo ni kitambua-sifuri tu, yaani saketi inayotambua volti inapopita sifuri, kwa kuwa rizista zake zimepimwa kwa volti 230. Saketi ikifaulu kwenye volti 24, ihamishie kwenye umeme wa nyumbani ikiwa na balbu ya nyuzi ya wati 60 mfululizo na waya wa moto. Kukiwa na shoti, balbu hiyo itawaka kwa nguvu zote na hakuna kitakachoungua.

Saketi ninayoizungumzia

Pini ya maikrokontrola inapita kwenye rizista na kuingia pini 1 ya optokapla, pini 2 inakwenda kwenye waya hasi. Upande wa pili, pini 6 inapita kwenye rizista ya omu 360 hadi T2 ya triaki, na pini 4 inakwenda kwenye geti. Kati ya geti na T1 kuna rizista ya omu 330. T1 iko kwenye waya wa moto, T2 iko kwenye mzigo, na mzigo unamalizikia kwenye nyutro. Juu ya triaki, kati ya T1 na T2, kuna snaba, kinga ya miruko ya volti: rizista ya omu 39 na kapasita ya nanofaradi 10 zikiwa mfululizo. Fyuzi iko mwanzo kabisa. Pini 3 na pini 5 za optokapla haziungwi popote. Pini 5 imeunganika na kitako cha triaki ndogo iliyo ndani, kwa hiyo usiitumie kama mahali pa kupumzishia waya.

Rizista ya omu 360 haikuokotwa. Optokapla hizi zinavumilia mshtuko wa ampia 1, na volti 325 ukigawa kwa omu 360 unapata ampia 0.9.

Haiwaki kabisa

Anza upande wa volti ndogo, wa volti 230 ukiwa umechomolewa. Iamuru pini iwe juu, kisha pima volti kati ya pini 1 na pini 2 za optokapla. LED ikiwa inapitisha mkondo, utasoma volti 1.2 hivi. Ukisoma sifuri, mkondo haufiki: pini siyo, waya umekatika, au solda haikushika. Ukisoma volti 3.3 au 5 kamili, LED imekufa au umeigeuza.

Ukisoma 1.2, usishangilie bado. Hamishia mita kwenye ile rizista, chukua volti zake na ugawe kwa omu zake. Hapa ndipo saketi nyingi zinapoanguka. Mtu amechukua mchoro wa Arduino Uno ya volti 5 wenye rizista ya omu 220, akauweka kwenye bodi ya ESP8266 ya volti 3.3. Kwenye Uno rizista inabakiwa na volti 3.3 hivi, yaani miliampia 15. Kwenye ESP inabakiwa na volti 2, yaani miliampia 9. Optokapla ya MOC3021 inahitaji hadi 15 ndipo uhakika uwepo. Ikiwa na 9 inaweza kuwaka leo na kugoma kesho, au kuwaka mezani na kugoma ndani ya boksi.

Tarakimu ya mwisho ya jina la optokapla ndiyo inayokwambia. Zinazoishia na 1 (MOC3021, MOC3041, MOC3061) zinataka miliampia 15. Zinazoishia na 2 zinataka 10, na zinazoishia na 3 zinatosheka na 5. Pini ya ESP8266 imekadiriwa miliampia 12 tu, kwa hiyo kwenye bodi hiyo tumia MOC3063 au MOC3023 na rizista ya omu 330, upate miliampia 6. Kama duka lina 3021 peke yake, weka transista ya BC547 katikati, LED ivute mkondo kwenye laini ya umeme wa bodi badala ya kuvuta kwenye pini. Kwa Uno, pini inashauriwa isizidi miliampia 20. 40 ni ukomo wa kuharibika, usiufanye kuwa kipimo cha kazi.

Upande huo ukiwa sawa, sasa chunguza geti. Kosa ninalolikuta sana ni waya wa pini 6 kuungwa na T1. Optokapla inatakiwa kulifungulia geti njia ya kuelekea T2, kwa sababu ndiko kwenye volti. Ukiiunga na T1 hakuna tofauti ya volti, na geti halipati kitu hata LED iwake mwaka mzima. BT136 na BTA16 ukizitazama usoni, maandishi yakikuangalia na miguu ikiwa chini, kutoka kushoto ni T1, T2, geti. Usichukulie kwamba kila triaki iko hivyo. Angalia datashiti ya hiyo uliyoishika.

Halafu kuna tofauti za geti lenyewe. BT136-600E inatosheka na miliampia 10, BT136-600 isiyo na E inaweza kudai 35, na BTA16-600B inadai 50. Kupitia optokapla na omu 360 zote zinafanya kazi, kwani mkondo wa geti unatoka kwenye umeme wa nyumbani. Shida inakuja kwa anayejaribu kulisha geti moja kwa moja kutoka kwenye pini. Miliampia 50 kutoka pini ya ATmega, chipu ya Uno, haipo. Na hata kwa triaki nyepesi, geti likipewa mkondo chanya wakati T2 iko hasi, triaki ya kawaida inadai mkondo mkubwa zaidi, na zile zenye alama ya W mwishoni, kama BTA16-600BW, haziwaki kabisa katika hali hiyo. Kwa sababu hiyo wanaoendesha geti moja kwa moja huunga chanya ya bodi na T1, na pini ikavuta mkondo kutoka kwenye geti. Mimi siwashauri wanaoanza waifuate njia hiyo, maana bodi nzima inakuwa na umeme wa ukutani.

Ukiona rizista ya omu 360 imeungua, usibadilishe rizista peke yake. Rizista hiyo hufanya kazi kwa sehemu ndogo sana ya milisekunde, mpaka triaki inase, yaani ibaki wazi bila kusaidiwa na geti. Triaki ikishindwa kunasa kwa kuwa imekatika ndani au mguu wa T1 haukushika solda, mkondo wa mzigo wote unajaribu kupita kwenye geti na hiyo rizista, na makumi ya wati yanaimaliza papo hapo. Optokapla nayo huondoka nayo.

Inawaka muda wote

Kwenye inkubeta hili ndilo baya kuliko yote, maana mayai ya kuku yanataka nyuzi 37.5 na vifaranga hufia ndani joto likipanda na kukaa juu.

Ikiwa umeweka optokapla kwenye soketi, kama nilivyozoea kufanya, jibu linakuja haraka. Chomoa umeme, itoe optokapla, chomeka tena. Taa ikizima, kosa liko kwenye optokapla au kabla yake. Taa ikiendelea kuwaka, maikrokontrola haina hatia, na programu iache ilivyo.

Kwa hali ya pili, toa triaki nje na uipime. Kati ya T1 na T2 mita isionyeshe njia, ukielekeza nyaya za mita huku na huku. Kati ya geti na T1 utasoma omu makumi kadhaa hadi mia na kitu, karibu sawa pande zote mbili. Mita ikilia kati ya T1 na T2, triaki imekwenda. Triaki ikifa, mara nyingi hufa ikiwa imefunga njia, ndiyo maana taa haizimi. Kabla hujaweka mpya, jiulize iliyokufa imeuawa na nini. Balbu ya nyuzi inapoungua, nyuzi ikikatika huweza kutoa cheche ndani ya glopu na kuvuta mkondo mkubwa kwa muda mfupi. Fyuzi ya polepole haiwahi. Weka fyuzi ya haraka, karibu na mkondo wa mzigo. Hata hivyo, fyuzi ya haraka haiokoi triaki kila mara, lakini inaokoa boksi.

Kuna kisa kingine ambacho kinawachanganya hata mafundi wazoefu: triaki ni nzima, optokapla imetolewa, na bado taa inawaka. Angalia kama T1 na T2 zimebadilishana. Ukizigeuza, ile rizista ya omu 330 iliyokusudiwa kulituliza geti inajikuta kati ya geti na T2, na inalilisha geti mkondo mwanzoni mwa kila nusu-wimbi. Triaki inawaka bila kuulizwa. Ukiitoa rizista hiyo taa inazima, halafu haiwaki tena kwa amri yoyote, na hapo mtu huanza kulaumu optokapla. Kigeuze kifaa, urudishe rizista.

Taa ikizima baada ya kutoa optokapla, pima pini 4 na 6 za optokapla hiyo. Zikiwa na njia, imekufa, na sababu ya kawaida ni volti. Familia ya MOC302x na MOC304x inavumilia volti 400. Ukilinganisha na kilele cha 340 cha umeme wa Kenya au Uganda, nafasi iliyobaki ni finyu, na umeme wetu ukirudi baada ya kukatika hauji kwa adabu. Chukua MOC3051 au MOC3061 za volti 600, triaki ya volti 600 au 800, na varista (kifaa kinachomeza miruko ya volti) ya volti 275 au 300 AC mahali umeme unapoingia, baada ya fyuzi.

Na kama optokapla ni nzima, mtazame maikrokontrola anavyoamka. Kwenye ESP8266 pini ya GPIO16 inakuwa juu wakati wa kuwaka, na GPIO0 na GPIO2 nazo zinavutwa juu. Taa itamweka kila umeme unaporudi, na bodi ikikwama hapo itabaki inawaka. GPIO4 na GPIO5, yaani D2 na D1 kwenye NodeMCU, zinatulia chini. Ukitumia transista, weka rizista ya kilo-omu 10 kutoka besi hadi waya hasi, ili pini inayoelea isiifungue.

Balbu ya LED inatoa mwanga hafifu ikiwa imezimwa

Hapa hakuna kilichoharibika. Snaba inapitisha mkondo hata triaki ikiwa imelala. Kapasita ya nanofaradi 100 kwenye volti 230 na hezi 50 inapitisha miliampia 7, na ya nanofaradi 10 inapitisha 0.7. Balbu ya nyuzi haitambui, lakini balbu ya LED ina kapasita ndani inayojaa polepole kisha kumwaga. Ndiyo maana nyingine zinametameta gizani kila baada ya sekunde chache.

Dawa ni kupunguza kapasita, au kuondoa snaba na kutumia triaki isiyoihitaji, kama zile za BW. Kwa mzigo wa balbu tu hiyo inatosha. Ila usisahau kwamba triaki si kitenganishi: hata bila snaba inavujisha kidogo, na anayebadilisha balbu lazima azime kwenye sakiti breka.

Kapasita ya snaba iwe ya daraja la X2, iliyoandikwa volti 275 AC. Ya kawaida ya volti 400 DC itafanya kazi mpaka siku itakapopasuka.

Mota ya trei inakwama, balbu ziko sawa

Mota za sinkroni zinazogeuza trei za mayai huwa za wati 4 hivi. Wati 4 kwenye volti 230 ni miliampia 17. BTA16-600B ina mkondo wa kushikilia unaofika miliampia 50, maana yake mzigo unaopitisha chini ya hapo unaweza kuachiwa katikati ya wimbi. Mota inanguruma, inatetemeka, inageuka nyuma na mbele. Fundi anabadilisha triaki ya ampia 16 kwa ya ampia 40 akidhani haina nguvu, na tatizo linazidi, kwani triaki kubwa inataka mkondo mkubwa zaidi wa kushikilia.

Kwa mzigo kama huo tafuta triaki ndogo. Z0103 ya ampia 1 inashikilia kwa miliampia 7 na geti lake linataka 3. Au weka rilei tu. Mota inayowaka mara chache kwa siku haihitaji triaki, na sioni aibu kusema rilei ni bora hapo.

Feni ina shida ya aina nyingine. Koili yake inachelewesha mkondo, hivyo ukitoa pulsi fupi ya mikrosekunde 20 kwenye geti, pulsi inakwisha kabla mkondo haujafika kiwango cha kunasa. Iache LED ya optokapla iwake mfululizo kama unataka kuwasha na kuzima tu. Kama unakata wimbi, yaani unaiwasha triaki katikati ya kila nusu-wimbi ili kupunguza nguvu, iendeleze pulsi hadi karibu na mwisho wa nusu-wimbi.

Mwanga unatetemeka, au haupungui

Swali la kwanza: optokapla yako ni ipi? MOC3041, MOC3061 na ndugu zao zina kitambua-sifuri ndani. Volti ikishapita 20 hivi, zinakataa kuwaka mpaka nusu-wimbi inayofuata. Huwezi kupunguza mwanga kwa kukata wimbi ukiwa nazo, hata programu iandikwe na malaika. Kwa kukata wimbi chukua MOC3021, au bora MOC3051. Na `analogWrite` ya Arduino haisaidii popote hapa: inapiga mara 490 kwa sekunde bila kujua umeme uko wapi kwenye wimbi.

Lakini kwa joto la inkubeta sioni sababu ya kukata wimbi. Chukua MOC3063, gawa muda katika vipande vya sekunde 2, ambavyo ni mizunguko 100 ya umeme, na uwashe asilimia unayotaka ya mizunguko hiyo. Balbu zitapepesa. Mayai hayasomi gazeti.

Kama kweli unataka kupunguza mwanga, chunguza kitambua-sifuri. Chenye optokapla moja ya PC817 kinatoa pulsi 50 kwa sekunde, kwa sababu LED yake inawaka kwenye nusu-wimbi moja tu. Programu iliyotarajia 100 itawasha nusu moja ya wimbi na kuiacha nyingine, na macho yataona mtetemeko. H11AA1 ina LED mbili zilizopeana mgongo, hivyo inatoa 100. Rizista zake ziwe mbili mfululizo, kwa mfano kilo-omu 47 kila moja, za nusu wati, kwani rizista ndogo ya robo wati kwa kawaida haijakadiriwa kwa volti za ukutani peke yake. Pulsi yenyewe ina upana, na sifuri halisi iko katikati yake. Ukihesabu kutoka ukingo wa kwanza, utakuwa mbele kwa sehemu ya milisekunde.

Dalili moja inafurahisha kuifuatilia: unapunguza mwanga taratibu, unapungua vizuri, kisha ukifika chini kabisa taa inalipuka kwa nguvu zote. Nusu-wimbi ni milisekunde 10. Ukisubiri milisekunde 9.5 kisha ukatoa pulsi ya milisekunde 1, pulsi inavuka sifuri na kuamsha nusu-wimbi inayofuata tangu mwanzo wake. Usisubiri zaidi ya milisekunde 8.5 hivi, na uzime geti kabla ya sifuri.

Kwenye ESP8266 kuna Wi-Fi inayonyang'anya muda. Hesabu za kukata wimbi ziachie taima ya ndani ya chipu, kazi ya kukatiza (interrupt) uiwekee `IRAM_ATTR`, na usiweke `delayMicroseconds` ndani yake.

Ukiwa kwenye jenereta, usiamini milisekunde 10. Pima muda kati ya pulsi na ukokotoe upya kila mara. Kwenye inveta ya bei rahisi isiyo na wimbi laini, volti inaruka ghafla badala ya kupanda. Miruko hiyo inapasha moto rizista ya snaba, na inaweza kuiwasha triaki isiyoamriwa. Hapo nisingekata wimbi kabisa.

Nusu mwanga, au mota inayonguruma na kupata moto, vinaweza pia kumaanisha triaki iliyokufa upande mmoja. Ipime kwa alama ya dayodi ya mita. Ikionyesha njia upande mmoja kati ya T1 na T2, itoe haraka. Transfoma au mota ikilishwa nusu-wimbi inaungua.

Inawaka yenyewe friji ikianza

Kompresa inapowaka au kuzima, volti inaruka kwa kasi, na triaki ikipandishiwa volti haraka mno inajiwasha bila geti. Itadumu nusu-wimbi moja, utaona taa imemweka. MOC3021 ni dhaifu sana hapa, familia ya MOC306x inavumilia kwa mbali zaidi. Snaba na ile rizista ya omu 330 ndizo kinga; wengi hawaiweki ya 330 kwa kuwa saketi "inafanya kazi bila hiyo". Joto nalo linaongeza udhaifu: kinachomweka saa nane mchana na kutulia usiku ni triaki iliyo moto.

Kama ni bodi inayojizima na kuanza upya, tafuta njia ya kelele. Nyaya za volti 230 zisilale sambamba na nyaya za kihisi joto. Weka kapasita ya nanofaradi 100 karibu na pini za umeme za chipu. Chini ya optokapla kusipite njia yoyote ya shaba: safu zake mbili za miguu ziko milimita 7.62, na hiyo ndiyo nafasi inayokutenganisha na waya wa moto. Kwenye verobodi (ubao wenye njia za shaba) kata njia zote zilizo katikati, kisha safisha mabaki ya flaksi.

Triaki inachoma

Hesabu wati 1 kwa kila ampia, au zaidi kidogo. Kifuko cha TO-220 bila hitisinki kinapanda nyuzi 60 hivi kwa kila wati. Balbu nne za wati 60 ni ampia 1, kwa hiyo triaki itakuwa karibu nyuzi 60 juu ya joto la ndani ya boksi. Itavumilia, ila usiiguse. Hita ya wati 1500 ni ampia 6.5, na bila hitisinki haifikishi dakika nyingi. Kama triaki ya ampia 16 inachoma kwa ampia 2 ikiwa na hitisinki ya maana, shuku kifaa chenyewe; ziko zilizofutwa na kuchapwa jina jipya.

Kwenye inkubeta usiache usalama mikononi mwa triaki peke yake, kwa kuwa inakufa ikiwa imefunga njia. Weka thermostati ya pili yenye kihisi chake na rilei yake, mfululizo na waya wa moto wa balbu, ikate kwenye nyuzi 38.5. Isitumie bodi ileile, wala umeme wa bodi ile.